Tairi Zangu kwenye Gari la Mchanga

Mimi ndiye niliyeziuza zile tairi. Nalisema mapema kwa sababu kila ninapoanza kusimulia habari hii, watu hukimbilia kunifariji kabla sijafika popote. Ulikuwa ukame, wananiambia. Ulikuwa uzee. Saa yake ilikuwa imefika. Sawa, nimesikia. Lakini tairi niliziuza mimi, mchana kweupe, nikicheka, na kama zingebaki kwenye gari langu, bibi mmoja wa kule ndani ya Kisaju hangekufa wiki ile.

Wakati huo nilikuwa nauza maji, na mpaka leo nauza. Nilikuwa nimeacha kazi ya kushona nguo katika kiwanda kimoja Athi River, nikachukua akiba yangu yote nikanunua pikapu iliyokwisha kuzeeka mikononi mwa mwenyewe. Kanisani walinicheka. Mwanamke wa Kikamba, umbo la kijiti, atashikaje usukani wa gari la mizigo? Niliwajibu kwamba gari halibebwi begani, linaendeshwa. Mdomo huo ninao tangu utoto, na umenifaa mara nyingi kuliko ulivyoniponza.

Nilikuwa najaza maji Kitengela asubuhi, nafuata barabara ya Namanga hadi Kisaju, halafu naacha lami na kuingia porini. Gari lilibeba mitungi arobaini ya lita ishirini, imepangwa na kufungwa kamba. Mingi ilikuwa ya shule moja ya msingi yenye tangi la plastiki, na iliyobaki ilikuwa ya boma mbili tatu zilizo mbele yake. Nilikwenda Jumanne na Ijumaa. Saa ya kufika ilitegemea foleni ya kisimani na afya ya injini.

Njiani, kabla ya shule, ndiko alikokuwa akiishi yule bibi. Mimi nilimwita Koko, ambalo kwa Kimaasai ni nyanya, kwa hiyo hata hapa simtaji jina. Kwao jina la aliyekufa haliitwi ovyo, na mimi nimekubali kuishika desturi hiyo. Boma lake lilikuwa katikati ya njia mbili. Ya kushoto ndiyo yangu, ya kwenda shule. Ya kulia ilishuka mtoni, kwenye mto mkavu ambako malori na pikapu hufuata mchanga wa kujengea. Wachimbaji walikuwa wameuchota mpaka wakagonga mwamba, na vishimo ambavyo wanawake walikuwa wakichotea maji vikakauka vyote.

Mara ya kwanza alinisimamisha kwa kuinua fimbo. Nilidhani anataka kubebwa. Kumbe alikuwa ameniletea maziwa kwenye kibuyu, kwa sababu alikuwa ameniona nikipita na maji mara tatu na hakuona vizuri mtu apite kwake mara tatu bila kunywa kitu. Tulisalimiana.

"Takwenya," akasema.

"Iko," nikajibu, na hapo Kimaasai changu kikawa kimekaribia kuisha.

Tangu siku hiyo nikawa namwachia mitungi miwili. Hatukuandikiana, hatukupatana bei. Mbuzi zake zikiwa na maziwa alinipa maziwa, na zisipokuwa nayo alinishika viganja akavitemea mate kidogo, baraka ya wazee wao. Mwanzoni nilikuwa napangusa kwenye sketi nikishafika mbele. Baadaye nikaacha kupangusa.

Jambo lililonishangaza ni kwamba hakuwahi kunikosa. Simu ya boma ilikuwa ya mke wa mwanawe na mtandao wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Lakini nikichelewa saa mbili, nikirudi kutoka shule namkuta amekaa kwenye kivuli cha kichaka chake na punda na mitungi mitupu. Nisipokwenda kabisa, hakai. Siku moja nikamuuliza anajuaje. Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya gari, akainama juu ya vumbi.

Tairi yangu ya nyuma, upande wa dereva, ilikuwa imekatwa na jiwe la machimboni siku nyingi. Kipande cha mpira kilikuwa kimetoka, kikaacha nafasi katikati ya meno ya tairi. Kila gurudumu lilipozunguka, pale palichapa pengo. Koko alilijua lile pengo kama ninavyojua mwandiko wangu. Akitoka asubuhi na mbuzi, anaangalia njia. Akiona pengo linaelekea shule, bado bichi, na hakuna linalorudi, anajua niko ndani na nitarudi. Anakaa kungoja. Akauvuta mdomo wake wa chini akanionyesha pale ambapo meno mawili yaling'olewa alipokuwa mtoto, kama ilivyo mila yao, akaigonga tairi yangu kwa fimbo.

"Gari yako ni ya kwetu," akasema kwa Kiswahili chake kidogo, akacheka mpaka akakohoa. "Iling'olewa meno."

Alizijua na gari nyingine. Zile pikapu ndefu zenye tairi pana, zinazoleta madalali wa ploti na watu wa kupima ardhi, alikuwa hazitaki hata kuziona. "Gari ya miguu kubwa inakula shamba," aliniambia. Ikipiga honi alikuwa anaingiza mbuzi vichakani mpaka ipite.

Ukame ukawa mkali. Wanaume wakahama na ng'ombe kutafuta nyasi, mwanawe Koko akiwa mmoja wao. Pale bomani akabaki yeye, mbuzi wachache, na mke wa mwanawe, ambaye alikuwa mjamzito. Shule ikataka maji mara mbili ya yale niliyokuwa napeleka. Na mimi nikaingiwa na hesabu za kichwani: nikitoa mitungi, niweke tangi moja kubwa nyuma, nibebe karibu mara mbili kwa safari moja. Springi zilikuwa zimelala chini tayari kwa mitungi arobaini. Nikasema nitaongeza springi, na nitavaa tairi kubwa.

Fundi wangu wa tairi ana banda kando ya barabara pale Kitengela, mzee wa Kikuyu mwenye mikono myeusi ya mpira ambayo haitakati hata Jumapili. Alinisikiliza, akatema kijiti cha meno.

"Mama, wacha nikuambie ukweli. Tairi kubwa haibebi mzigo. Mzigo inabebwa na springi, na ekseli, na breki ndio inakuokoa. Ukiweka hizi kubwa, gari itakuwa mzito kuondoka, breki itashika pole, na ile mshale ya spidi itakuwa inakudanganya. Utasoma sitini na uko sabini."

"Wewe ongeza springi uweke tairi," nikamwambia. "Mambo ya mshale niachie."

"Sawa. Mimi niko na jeki, kichwa iko na wewe."

Tulifanya kazi hiyo Jumamosi nzima. Aliongeza jani moja la springi kila upande. Ile tairi kubwa ya mbele ilipoingia na usukani ukakatwa hadi mwisho, mpira ukagusa bodi. Akachukua msumeno akaipunguza madigadi, akazigonga kingo zake kwa nyundo zisije zikachana tairi. Niliposhika usukani nilikuwa nimeinuka juu ya barabara yote. Niliona mapaa ya gari ndogo. Nasema ukweli, nilijisikia mtu mkubwa, nikapiga honi bure pale pale bandani, mafundi wakanipigia makofi.

Zile tairi za zamani zilikuwa zimelala ukutani. Mtu mmoja wa pikapu ya mchanga alikuwa amekuja kuziba pancha. Akazipiga teke, akaona bado zina meno kuliko zake.

"Unaziuza, madam?"

"Chukua zote nne," nikamwambia. "Na hiyo yenye pengo nakupa bure kama zawadi, ni ya Wamaasai."

Tukacheka. Akazifunga kwenye gari lake pale pale. Mchanga wake alikuwa anautoa mto gani sikumuuliza. Ningemuuliza kwa nini?

Jumanne nikaondoka na tangi limejaa. Gari lilikuwa linanguruma vingine na kupanda njia kwa uvivu, lakini lilibeba. Mitungi miwili ya Koko niliifunga nyuma ya kiti. Nilipofika kwenye kichaka chake wakati wa kurudi, hakuwepo. Nilipiga honi mara mbili. Nilingoja kidogo, injini ikiunguruma. Nilikuwa nimesikia shuleni kwamba mke wa mwanawe ameshikwa na uchungu na amepelekwa hospitali Kajiado. Nikajiambia Koko ameandamana naye. Mwenye uchungu haendi peke yake. Nikafikiri kushusha mitungi niiache kichakani, nikaona itaibiwa. Na kuna jambo lingine ambalo nimelificha muda mrefu: nilifurahi kidogo kutomkuta, maana salamu zake zilikuwa ndefu na mimi nilitaka kuwahi kujaza tangi tena siku hiyo hiyo. Nilirudi na ile mitungi miwili nyumbani, na jioni nikamwagilia sukuma wiki kwa maji yake.

Ijumaa nilipoacha lami na kufika ndani niliona watu kwenye boma la Koko. Shuka nyekundu zilikuwa nyingi kuliko nilizowahi kuona pale, na wanaume wawili walikuwa na majembe. Mzee mmoja mchunga mbuzi, ambaye boma lake liko karibu na lami, alikuja hadi dirishani. Alinieleza taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemweleza mgeni. Alikuwa amemkuta Koko Alhamisi jioni, kando ya njia inayopitwa na magari ya mchanga, amelala kwa ubavu na shuka imefunikwa usoni. Amejifunika mwenyewe. Hakuwa na jeraha. Jua na kiu, akasema, na uzee. Mke wa mwanawe alikuwa Kajiado na mtoto mchanga na simu, bomani hapakuwa na mtu.

Halafu akaniomba maji. Watu walikuwa wamechimba tangu asubuhi kwenye ardhi kama mwamba. Nilifungua bomba la tangi na wakaja mmoja mmoja na vikombe, wakanywa, wakanishukuru. "Ashe," wakasema. "Ashe oleng." Waliosha mikono kwa maji yangu baada ya kumfukia. Mimi nilisimama pale nimeshika bomba, na niliposogea kulifunga nikaangalia chini. Ndipo nikaona alama za gari langu mwenyewe kuanzia njiani hadi pale mlangoni. Zilikuwa pana, safi, bila pengo.

Najua alivyofanya. Hakuna aliyenieleza, lakini najua kwa sababu ndivyo alivyokuwa akifanya kila siku. Alitoka Jumanne na mbuzi akaangalia njia ya kushoto, akaona gari la miguu mikubwa, la watu wa ploti. Akahesabu kwamba sijapita. Akaenda kuangalia njia ya kulia, na kule akaliona pengo langu, bichi, linateremka mtoni. Akaona nimebadilisha njia siku hiyo. Akaleta mitungi yake miwili akakaa kando ya njia ya mchanga kunisubiri. Honi yangu kama ilimfikia, ilikuwa ni honi ya gari analolikimbia.

Tamaa mbele, mauti nyuma, husema watu. Mauti yenyewe hayaangalii sana ni ya nani.

Baada ya hapo sikulala vizuri kwa wiki nyingi, lakini usiku haukuwa mbaya kuliko mchana. Mchana nilikuwa barabarani. Yule mtu wa mchanga aliendelea na kazi yake, na kila nilipoacha lami nililikuta lile pengo limenitangulia kwenye vumbi, hatua, hatua, hatua, mpaka pale njia zinapoachana. Lilikata kulia. Mimi nilikata kushoto. Nilianza kuendesha nimeinua kichwa nisione chini, nikaingia mtaroni mara moja. Nyumbani nikawa nafagia uwanja kila nikiegesha, nafuta alama za gari langu hadi getini. Jirani aliuliza kama nina mgeni anayekuja. Nilimwambia ndiyo.

Mwishowe nikamtafuta yule mtu wa mchanga ili nizinunue zile tairi. Nilimkuta pale Kisaju anapakua. Aliona ajabu mtu kutaka mitumba yake mwenyewe, lakini hakubisha. Ndipo nikamuuliza kama aliwahi kumwona bibi mmoja kwenye ile njia. Akaacha koleo.

"Huyo niliona," akasema. "Mara mbili. Siku ya kwanza alikuja mbio akiwa anacheka, akashika mlango. Kuniona mimi akanyamaza. Akaangalia tairi, akaniangalia. Akaangalia ndani ya gari, hata chini ya kiti. Nikamuuliza, nyanya, unataka lifti? Akaongea Kimaasai, mimi sijui Kimaasai. Nikaenda."

"Aliomba maji?"

"Hapana. Chupa ilikuwa hapa kwa dashibodi, anaiona. Hakuguza. Kesho yake akasimama katikati ya barabara na fimbo. Akagonga boneti, akagonga hiyo tairi ya nyuma, analia, anapiga kelele. Mimi nikajua ni mambo ya mchanga. Hawa watu huwa hawataki tuchote mchanga. Nikampita kwa kando, na nguvu." Akashika koleo tena. "Kwani ni mtu wako?"

Nilipakia tairi zangu. Kichwani nilikuwa na swali moja tu: mtu mwenye kiu anakataaje chupa ya maji iliyo mbele ya macho yake?

Wiki hiyo nikaenda kwa mke wa mwanawe Koko. Nilikuwa nimemkwepa tangu mazishi, namwachia maji kichakani na kuondoka kabla hajafika. Alikuwa amemfunga mtoto mgongoni, akanikaribisha ndani, akaweka sufuria ya chai motoni. Nilimweleza yote kabla sijakaa vizuri. Tairi kubwa. Banda la Kitengela. Mzaha wa tairi ya Wamaasai. Mitungi na sukuma wiki. Nilimweleza pia aliyoniambia mtu wa mchanga, Koko alivyochungulia chini ya kiti. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na mimi sijawahi kumsikiliza mtu akinitukana hadi mwisho, lakini siku hiyo ningesikiliza.

Yeye aliweka kijiko chini.

"Basi ni hiyo," akasema. "Sisi wote tulikuwa tunajiuliza."

"Mlikuwa mnajiuliza nini?"

"Kwa nini alikufa upande ile. Mitungi tulipata pale alikuwa amekaa, zote mbili, amefunga vizuri. Hakubeba. Na huko shule kuko karibu, kuko na tangi, maji yako ilikuwa ndani. Mtu wa kiu anaenda shule, hata mbuzi inajua. Lakini yeye aliacha shule nyuma, akashika njia ya lami. Huyo mzee mwenye alimpata aliona alama ya viatu yake kwa mchanga, inaenda moja kwa moja, haipumziki. Tulisema jua imemchanganya kichwa."

Alimimina chai, akaniwekea kikombe mkononi, akakishikilia na mkono wake mpaka alipoona nimekishika.

"Haikumchanganya. Aliona mtu mwingine na miguu ya gari yako, na wewe hauko ndani. Alikuwa anaenda Kisaju kuambia watu umeuawa, wakutafute."

Nilikuwa nimekaa mbele yake, mzima, na chai ilikuwa bado moto.